Mtayarishaji wa kwanza mwanamke wa televisheni ya BBC

Wapo wanaosema mtayarishaji wa kwanza mwanamke wa televisheni ya BBC alikuwa Verity Lambert, yule wa tamthilia ya Doctor Who. Hapana, hakuwa yeye. Ni Mary Adams, aliyeingia kwenye televisheni ya BBC mwaka 1937, miezi michache tu baada ya matangazo ya kawaida kuanza pale Alexandra Palace, London, Novemba 1936. Alikuwa msomi wa elimu ya mimea, akatoka redioni kwenye vipindi vya mazungumzo, na baada ya vita akapanda hadi kuwa mkuu wa idara ya vipindi hivyo upande wa televisheni. David Attenborough, huyu tunayemjua kwa filamu za wanyama, aliajiriwa chini yake mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Lambert alikuja 1963 akiwa na miaka 27, na sifa yake ni nyingine: kwenye tamthilia za BBC wakati ule alikuwa mtayarishaji pekee mwanamke, tena mdogo kuliko wote. Nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya.

Nilisoma historia ya utangazaji chuoni, na jambo hili huniuma kila mara. Wanaokumbukwa toka 1936 ni watangazaji Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell, kwa kuwa sura zao zilionekana kwenye kioo. Bligh ndiye aliyewakaribisha tena watazamaji Juni 1946, matangazo yaliporudi baada ya kuzimwa tangu Septemba 1939 kwa sababu ya vita. Adams alikuwa nyuma ya kamera, na jina lake wengi hawalijui kabisa.