Upanga wa kuchezea wa mtoto unakoroma na kukatika: usiweke betri za volti 3.7, pima volti kwanza

Mkuu, ishia hapo hapo, hizo betri usizitie! Umeandika kwamba upanga wa kijana wako unakula AA tatu, sauti inakoroma na kukatika, taa za kwenye bapa haziwaki zote, na fundi mmoja pale Majengo kakushauri uweke betri tatu za lithiamu "zenye umbo lilelile" ili upate nguvu. Mimi niliambiwa maneno hayohayo nikayafuata. Upanga ulikufa palepale.

Piga hesabu. AA ya kawaida ni volti 1.5, tatu zikifuatana ni 4.5, na kibao cha umeme cha ndani kimetengenezewa hizo. Betri iliyoandikwa 14500 ina kimo na unene wa AA, inaingia bila shida, lakini ni volti 3.7, na ikijaa chaji inafika 4.2. Tatu ni 12.6. Ukifungua mpini utaona kibao kidogo chenye tone jeusi gumu kama lami. Chini ya tone hilo ndimo ilimo chipu, na sauti zote za upanga zimehifadhiwa humo. Spika inabadilishwa, waya unachomewa risasi, swichi inapatikana. Tone likiungua, hakuna duka la kukuuzia jingine, si Dodoma si Kariakoo.

Na si upanga tu. Nyingi ya betri hizo hazina kinga ndani. Mtoto akiupiga chini, springi ikigusa isipotakiwa, betri inachemka na inaweza kulipuka moto mkononi mwake. Ndiyo maana nakasirika na fundi anayeangalia umbo bila kusoma namba. Namba imeandikwa kwenye ganda la betri, na kwenye midoli mingi iko pia kwenye kifuniko: 1.5V mara tatu. Anakuuzia hatari, halafu ukirudi anasema midoli ya siku hizi haidumu. Mdoli ulikuwa mzima!

Sasa chukua mita ya fundi ya kupimia umeme (multimeter), iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Usipime betri ikiwa imekaa tu mezani, kwa sababu iliyochoka nayo huonyesha 1.4 ikiwa haina mzigo. Zirudishe zote, shika pini za mita kwenye waya mwekundu na mweusi inayoingia kwenye kibao, mtoto abonyeze kitufe, soma namba WAKATI SAUTI INALIA. Ikibaki juu ya 4, umeme uko sawa. Ikiporomoka kuelekea 3 na sauti ikaanza upya, basi spika ikivuta, volti zinaanguka, chipu inazima na kuwaka tena.

Hapo usikimbilie kulaumu betri. Pini moja iguse ncha ya betri inayokaa kwenye springi, nyingine iguse waya uliochomewa kwenye springi yake, upanga ukiwa unalia. Isome karibu na sifuri. Ikisoma 0.3, umeme unapotelea kwenye kutu. Ule unga mweupe unaoachwa na betri iliyovuja unaunguza ngozi, vaa mfuko wa plastiki mkononi. Futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha spiriti, acha ikauke kabisa. Usipige msasa, unatoa ngozi ya juu ya chuma na kutu inarudi haraka zaidi. Ukiweka betri mpya, ziwe alkalini, tatu za aina moja zilizonunuliwa pamoja. Ukichanganya na kuukuu, ile dhaifu ndiyo itakayovuja.

Volti zikiwa sawa na bado inakoroma, ng'oa waya mmoja wa spika upime omu, yaani ukinzani wake. Spika ya omu 8 husoma 7 hadi 8. Isiposoma kitu, koili au waya wake umekatika. Ikisoma vizuri, tazama karatasi yake kama imechanika au imejaa vumbi, na vumbi la huku unalijua. Nyingine unaweza kuing'oa kwenye redio mbovu, ila iwe ya 8. Ya 4 inavuta mkondo karibu maradufu, utarudi kwenye shida ileile ya volti.

Betri za lithiamu kama hazijafunguliwa zirudishe leo, kisha tuandikie hapa ile namba ya wakati sauti inalia.