Kabla ya kufomati, soma ile namba

Mvua za alasiri zimerudi Kisumu, na pamoja nazo zimerudi kompyuta zilizokatikiwa na stima katikati ya apdeti. Ziko nne mezani pangu hapa Kondele ninapoandika, na hapa chini najibu barua zenu kuhusu apdeti zilizokwama. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme sasisho. Nitatumia yote mawili, asinikasirikie.)

*Fundi, nilikuwa napiga chapa hesabu za chama, kompyuta ya mezani ikaanza apdeti yenyewe. Ilipofika asilimia 30 radi ikapiga, stima ikapotea. Sasa nikiwasha inasema inarudisha mabadiliko, inazunguka, inajizima, inaanza tena. Ni tangu asubuhi. Nimwite mtu aifomati?*
Mweka hazina wa chama, Kakamega

Usimwite bado; kufomati ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Kurudisha mabadiliko ni kompyuta inajaribu kujiokoa. Windows huweka faili za zamani kando kabla ya kuingiza mpya, na ikikatizwa hurudia zile za zamani. Kinachosumbua ni muda: kama diski yako ni ile ya kizamani inayozunguka, kazi hiyo inaweza kula saa mbili tatu. Tazama ile taa ndogo ya diski mbele ya kompyuta. Ikimetameta ovyo ovyo, kazi inaendelea, iache.

Taa ikikaa kimya muda mrefu, au mzunguko ukiwa ni uleule hadi jioni, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi mpaka izime. Iwashe, na nembo ikitokea tu, izime tena vivyo hivyo. Baada ya kukwama hivyo mara mbili au tatu, Windows yenyewe itakupeleka kwenye ukurasa wa matengenezo. Humo fuata "Troubleshoot", halafu "Advanced options", halafu "Uninstall Updates". Utaonyeshwa aina mbili: "quality" ni lile sasisho dogo la kila mwezi, "feature" ni toleo zima. Anza na dogo. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) wenye tarakimu 48, mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ifungue akaunti hiyo kwa simu. Njia hii haigusi hesabu za chama.

Siku nyingine, mawingu yakianza kuwa meusi upande wa milima ya Nandi, ingia Windows Update ubonyeze kitufe cha kuahirisha kwa wiki moja. Na chama kichange mnunue UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo. Haitamaliza apdeti, lakini itakupa dakika za kuzima kompyuta kwa heshima.

*Kila stima ikipotea, saa ya kompyuta ya ofisi inarudi mwaka 2015. Apdeti hazikubali, na hata tovuti za kawaida zinaniambia si salama. Nimebadilisha waya wa intaneti bure.*
Karani, Nakuru

Waya hauna kosa. Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa ya duara, karibu sawa na sarafu ya shilingi tano. Imeandikwa CR2032. Ndiyo inayoendesha saa wakati stima haipo, na yako imekufa.

Saa inaingiaje kwenye mambo ya apdeti? Kompyuta haipakui kitu kabla ya kukagua cheti cha usalama cha kule kinakotoka, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni 2015 ikiona cheti cha mwaka huu inasema hiki hakijaanza kutumika, na inafunga mlango. Zima, chomoa waya wa stima, fungua kifuniko cha ubavuni, sukuma kile kibanio kidogo kwa ukucha, na betri itaruka yenyewe. Weka mpya, maandishi yakitazama juu. Rekebisha tarehe, kisha jaribu sasisho tena. Nimeona mtu akiuziwa ubao mzima kwa ugonjwa huu.

*Laptopu yangu ina hifadhi ya GB 64 tu. Apdeti inakataa na namba 0x80070070. Nimefuta picha zote lakini bado.*
Mwanafunzi, Maseno

Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeniletea namba ya kosa. Hiyo maana yake ni moja tu, nafasi haitoshi. Na si picha zinazokumaliza. Ingia Settings, halafu System, halafu Storage, ufungue palipoandikwa "Temporary files". Humo utakuta mabaki ya masasisho ya zamani na, kama ulihamia toleo jipya juzi, nakala nzima ya Windows iliyotangulia. Hiyo ya mwisho ni mabilioni ya baiti yaliyokaa bure, ingawa Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10.

Lakini polepole hapo. Kwenye orodha hiyohiyo kuna kisanduku cha Downloads. Hakina alama mpaka ukitie wewe. Miaka kadhaa nyuma nilikitia alama kwenye laptopu ya mteja, kwa haraka ya kufunga duka. Vyeti vyake vyote alivyoskani kwa ajili ya mahojiano ya kazi vilikuwa humo, na mahojiano yalikuwa kesho yake. Tulishinda saibani hadi saa tatu usiku tukiviskani upya, nikilipa mimi. Tangu siku hiyo kwanza nauliza, "Downloads yako ina nini?"

Kwa sasisho la kila mwezi GB 10 wazi zinatosha mara nyingi. Kwa toleo jipya mimi situlii mpaka nione 20. Ukishindwa kabisa kufika hapo, chomeka flashi yenye GB 10 au zaidi zilizo wazi; Windows inapolalamika kuhusu nafasi huweza kukubali kuitumia kwa muda. Usiichomoe kabla haijamaliza.

*Nina mashine sita saibani. Bando la mwezi linaisha tarehe 12. Najua ni apdeti, nizizime kabisa?*
Mwenye saiba, Luanda

Usizizime, mashine za saiba hushikwa na kila mtu na flashi yake, ndizo zinazohitaji ulinzi kuliko zote. Weka mtandao wako kuwa "metered", yaani wa bando la kupimwa, kwenye mashine zote, hapo kupakua kwingi kwa kujianzishia kutasimama. Kisha chagua siku moja, Jumapili asubuhi kwa mfano, ondoa alama hiyo kwenye mashine moja na uisasishe. Kabla ya kugeukia nyingine, tafuta "Delivery Optimization" na uruhusu kushirikiana na kompyuta za mtandao wa ndani peke yake. Ya pili itachota sehemu kubwa kutoka kwa ya kwanza badala ya kula bando. Ukiruhusu kompyuta za intaneti yote, utakuwa unawagawia watu usiowajua bando lako, na sidhani kama wanakuletea hata soda.

*Nilinunua HP EliteBook 840 G3, eks-UK, i5. Muuzaji aliniambia i5 ni i5. Sasa Windows 11 inanikataa kabisa. Nimeibiwa?*
Mwalimu wa sekondari, Siaya

Hukuibiwa, Mwalimu, lakini uliuziwa nusu ya habari. i5 ni jina la familia ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Tazama namba iliyo baada yake. Yako itakuwa kitu kama 6300U, na ile 6 ya mbele ndiyo kizazi. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na RAM isiyopungua GB 4. Ndugu yake 840 G5 mwenye kizazi cha 8 anaingia. G3 na G4 hawaingii. Namba ikiwa 10210U, soma tarakimu mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha 10, si cha kwanza.

Ubaya ni kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kuna muda wa nyongeza wa ulinzi kwa kompyuta za nyumbani, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha palepale Windows Update: bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30. Sharti uwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10. Wengi walioniletea kilio kwamba hawaoni kiungo cha kujiandikisha walikuwa wamekwama toleo la nyuma.

Wapo vijana mjini wanaoiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine kama yako. Inaingia, sikatai. Ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, kwa hiyo unaweza kurudi kwenye shida uliyokuwa unaikimbia. Kama kazi yako ni mitihani, alama na barua pepe, ningekuwekea Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, nikaacha G3 ile ipumue. Ni mashine ngumu, kibodi yake bado siipati kwenye laptopu nyingi mpya.

*Nafasi ipo, saa iko sawa, intaneti ipo. Apdeti inapakua hadi mwisho halafu inasema imeshindwa. Kila siku.*
Msomaji, Bungoma

Huenda ilichopakua kiliharibika, nayo inajaribu kupika na unga uleule mbovu. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi ("Run as administrator"), andika moja moja: net stop wuauserv, kisha net stop bits. Halafu ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old. Kisha washa huduma zile mbili kwa net start wuauserv na net start bits. Itapakua upya, na orodha ya masasisho ya zamani itaonekana tupu, usishtuke.

Ikigoma bado, karabati faili za Windows yenyewe: andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, isubiri hata ikisimama kwenye asilimia 62 kama imelala, kisha sfc /scannow. Ikikataa na hapo, niandikie tena na ile namba ya kosa inayoanza na 0x.

*Mimi niko Linux Mint tayari. Nikisasisha inasema dpkg imefungwa.*
Msomaji, Busia

dpkg ndiyo inayoingiza programu kwenye Mint, na imefungwa kwa sababu kuna programu nyingine inajisasisha nyuma yako. Ukikuta video inayokwambia ufute faili la kufuli, achana nayo. Ngoja dakika kumi, jaribu tena.