Umri wa sarafu hautoshi kuipa bei

Ndugu wa Mbale, umeuliza kama shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952 inastahili bei kubwa unayotajiwa kwa sababu ni ya kikoloni. Kwa maoni yangu haistahili, kwani ilitengenezwa kwa mamilioni, haina madini ya fedha ndani yake, na bado imejaa katika masanduku ya wazee wetu.

Kinachohesabiwa ni idadi ya vipande vilivyosalia, wala si vilivyotengenezwa. Shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, ile yenye pembe saba, ilitolewa kwa mamilioni, lakini karibu zote ziliondolewa na kuyeyushwa, ndiyo maana wakusanyaji huisaka (na waghushi huiiga, kwa hiyo ipime uzito kabla ya kulipa). Hata hivyo, uhaba bila wanunuzi wanaoitafuta hauleti bei.

Hali ya sarafu nayo ni muhimu: sarafu ambayo haijachakaa huweza kuuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya ile ya sarafu iliyosuguliwa mifukoni. Muuzaji akijisifu kwamba ameing'arisha kwa majivu na limau, mwachie sarafu yake, kwani kuisugua hivyo nako huichakaza.