Hesabu niliyoikimbia shuleni ilinikuta sokoni

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari, lava ikateremka hadi katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, na nyumba yetu ya mbao ikafunikwa pamoja na nyingine nyingi. Tuliporudi, aliyetujengea tena ni mjomba wangu, fundi aliyeachia masomo darasa la sita. Alijenga juu ya mawe yale yale meusi. Asubuhi ya kuweka msingi aliniita: "Mama, njoo unishikie kamba."

Alipima mita tatu kwenye upande mmoja wa kona, akasimamisha kijiti na kukizungushia mawe, maana juu ya lava huwezi kuchomeka kitu. Akapima mita nne kwenye upande wa pili, akasimamisha kingine. Kisha akaniambia nivute kamba kutoka kijiti hadi kijiti. "Zikitoka mita tano kamili, kona imenyooka. Zikizidi au zikipungua, nyumba itapinda." Zilitoka tano na sentimita kumi. Akasogeza kijiti cha upande wa mita nne kuelekea ndani, tukapima, akasogeza tena, mpaka tano ikatimia. Milango ya nyumba ile inafunga vizuri hadi leo.

Miaka michache baadaye, sekondari, mwalimu aliandika ubaoni kanuni ya Pythagoras, ile ya pembetatu yenye pembe mraba: tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, ukijumlisha ni 25, nayo ni tano mara tano. Nilinakili kila kitu bila kujua kwamba ile ndiyo kamba ya mjomba. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilikariri, nikasahau, nikaendelea kuamini kwamba hesabu ni kitu cha ubaoni. Imani hiyo ilinigharimu, na ndiyo sababu ninaandika.

Mwanzoni mwa 2016 nilianza kuuza vitenge, au vikwembe kama tunavyosema hapa kwetu. Nilinunua kwa dola, nikauza kwa franka, tena kwa mkopo, kwa sababu wateja wangu wengi walikuwa wamama wanaopata pesa kidogo kidogo. Wakati huo dola moja ilikuwa kama franka 930. Mmoja wao alichukua vikwembe vya dola 100. Nikaandika kwenye daftari: franka 93,000. Alikuwa mtu mwaminifu. Alilipa pole pole, akamaliza mwishoni mwa 2017, bila kupungua hata franka moja. Nilipozipeleka zile 93,000 kwa kambisti, yaani mbadilisha pesa, dola ilikuwa imefika karibu 1,600. Nikapewa dola 58.

Nilisimama pale barabarani nikizihesabu tena na tena. Hakuna aliyeniibia. Mteja alilipa alichoahidi, kambisti alibadilisha kwa bei ya siku. Dola 42 zilipotelea ndani ya daftari langu mwenyewe, na kwa kuwa wateja walikuwa wengi, mtaji wote ukanyauka namna hiyo. Angalia pia jambo hili, ambalo wafanyabiashara wengi hawalioni: bei ya dola ilipanda kwa zaidi ya asilimia 70, lakini franka yangu ilishuka thamani kwa asilimia 42 hivi. Ni tukio lile lile moja, ila la kwanza limepimwa kwa 930 na la pili kwa 1,600. Kila unaposikia asilimia, swali la kwanza liwe: asilimia ya nini?

Swali hilo ningelijua mapema ningeokoa mengi. Chukua kikwembe ulichonunua dola 10. Unaongeza asilimia 20, unauza 12. Mteja analalamika, anaomba umpunguzie asilimia 20, nawe unakubali ukidhani mmerudi pale pale mlipoanzia. Hapana. Asilimia 20 ya 12 ni dola 2 na senti 40, kwa hiyo umeuza kwa 9 na senti 60. Umepoteza senti 40 kwenye kila kipande huku ukitabasamu. Nimekaa na dada zangu wa sokoni, nikawaonyesha hesabu hii kwa simu, na zaidi ya mmoja alinyamaza kwa muda mrefu.

Leo nikikopesha, naandika deni kwa dola na kukubaliana na mteja tangu mwanzo kwamba atalipa franka kwa bei ya siku ya kulipa. Kama hataki, tunaachana kwa amani.

Sasa mikopo ya riba, na hapa naomba unisikilize kwa makini, ndugu yangu, hasa kama umebanwa. Mtu akikwambia "asilimia 20 kwa mwezi", inaonekana ndogo. Dola 100, unarudisha 120, si kitu. Lakini ukishindwa kulipa, na riba ikaanza kuzaa riba, mwezi wa pili unadaiwa 144, wa tatu 172 na senti 80, wa nne 207. Deni limekwisha kuwa mara mbili. Mwezi wa sita ni karibu 299. Ukimaliza mwaka bila kulipa, zile dola 100 zimekuwa karibu 892. Jirani yangu alipoteza kiwanja kwa njia hii, na siku aliyotia sahihi hakuwa mlevi wala mjinga. Hakukaa dakika tano na kalamu, basi.

Kuna njia ya haraka ya kukadiria, huhitaji mashine. Gawanya 72 kwa ile asilimia, utapata muda ambao deni litachukua kuwa mara mbili. Ishirini ndani ya 72 inaingia mara tatu na nusu na kitu: karibu miezi minne. Kwa asilimia 6 kwa mwaka, ni miaka 12. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kukufanya uinuke kwenye kiti kabla ya kusaini.

Huwa nasikia vijana wakisema hesabu ni mambo ya Wazungu. Hilo linaniuma, kwa sababu ya mfupa mmoja. Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, kuna mahali panaitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo, mrefu kama sentimita kumi, wenye kipande cha jiwe la kwazi kwenye ncha. Una umri wa miaka kama 20,000. Ubavuni una mikato iliyopangwa safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Nyingine ni 11, 21, 19 na 9, tena 60. Ya katikati inafika 48, na ndani yake 3 inafuatwa na 6, 4 inafuatwa na 8, kana kwamba mtu alikuwa akizidisha kwa mbili. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanaona kalenda ya mwezi, wengine mchezo wa namba. Mimi inanitosha kwamba mtu aliketi kando ya ziwa lile akahesabu, akataka hesabu yake ibaki. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Tena, tuwaangalie watoto wetu. Binti wa dada yangu, anayeishi kwangu, alikuwa akirudi na alama mbaya za hesabu. Lakini Jumamosi nikimwachia auze beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, anarudisha chenji haraka kuliko mimi. Jioni moja nilimuuliza kwa Kiswahili: "Makopo matatu ya maharagi ni franka 6,000. Makopo matano?" Kabla sijamaliza akajibu: "Elfu kumi, mama mdogo." Nikamfungulia daftari la shule, swali la aina ile ile likiwa limeandikwa kwa Kifaransa, lenye mita za kitambaa badala ya maharagi, na mstari mwekundu wa mwalimu juu yake. Hesabu alikuwa nayo. Lugha ndiyo ilimfungia mlango. Mzazi, kabla hujamwita mtoto mzito, muulize swali kwa lugha anayoitumia kucheza, halafu mrudi pamoja kwenye Kifaransa.

Na mpe hesabu za kweli za nyumbani. Mimi nilimkabidhi daftari la makala, yaani mkaa wa kupikia. Gunia tulilolinunua kwa franka 63,000 tulilianza tarehe 3, likaisha baada ya siku 21. Akagawanya: 3,000 kwa siku. Kisha akaenda mwenyewe kwa muuzaji wa mafungu, akakuta makala ya kutosha siku moja ni 4,000. Akazidisha, akatoa, akaja jikoni na karatasi yake akaiweka mbele yangu: tulipokuwa tukinunua kwa mafungu, tulikuwa tukipoteza franka 21,000 kila wiki tatu. Chini yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko mdogo, bei ya viatu vya shule.