Kiporo kimechemka, mbona tumbo limevurugika?

SWALI: Nilipika wali mchana nikauacha kwenye sufuria, umefunikwa vizuri. Usiku niliupasha mpaka ukafuka moshi. Hazikupita saa mbili nikaanza kutapika. Si moto huua bakteria?

JIBU: Moto ulitosha, ila ulikuja umechelewa. Mshukiwa wa kwanza ni Bacillus cereus, bakteria wa udongoni anayefika jikoni pamoja na mchele mkavu. Mazingira yakimbana hujifungia ndani ya spora, na spora huweza kuvumilia maji yanayochemka. Wali ukiiva, bakteria wengine wamekufa. Yeye kabaki, tena hana mshindani. Sufuria inapopoa taratibu, spora huchipua na bakteria huanza kugawanyika. Mfuniko nao ukasaidia kutunza joto na unyevu.

Wakishakuwa wengi hutoa sumu iitwayo sereulaidi. Hiyo ndiyo inayotapisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Kupasha huua bakteria lakini sumu huiacha ilivyo, kwani huvumilia hata nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90. Wala usitegemee pua: wali wenye sumu hii unaweza usinuke kabisa.

Joto la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60. Wa kubakiza utandaze kwenye sinia pana, tabaka lisizidi sentimita 5, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa moja. Wengi huharibu hapa: huingiza sufuria nzima, katikati pakabaki vuguvugu kwa saa nyingi ingawa pembeni pamepoa. Ule ndani ya siku moja, na upashe mara moja tu.

Kutapika kwa namna hii mara nyingi huisha ndani ya saa 24. Changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Kunywa kidogo kidogo. Ukiona damu, homa kali, au kila unachokunywa kinarudi, nenda hospitali.

SWALI: Nina vidonge vya antibayotiki vilivyobaki. Nivimeze kwa mafua?

JIBU: Hapana. (Na vilibakije?) Mafua huletwa na virusi. Penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria, na virusi havina ukuta huo. Utakaowapiga ni bakteria wa utumboni mwako wasio na kosa; walio sugu watabaki na kuzaana kwa nafasi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha kuhusu dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Virudishe duka la dawa.

SWALI: Kitakasa mikono kinaweza kuchukua nafasi ya sabuni?

JIBU: Mara nyingi ndiyo, kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 60 na ukisugua mpaka mikono ikauke yenyewe. Ukikifuta mapema umekipoteza bure. Kwenye mikono yenye mafuta au uchafu hakifanyi kazi vizuri, na spora hakiziui. Norovirusi, wanaoharisha na kutapisha, nao hukihimili. Ukimhudumia mgonjwa wa namna hiyo, tumia sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, ukipitia kucha na vidole gumba, sehemu zinazosahaulika zaidi.