Nagase alikuwa na asilimia 99, akapotezaje? Mechi ya Oza ya 2023 kwa aliyeifuatilia

Mkuu, naomba nichangie, maana swali lako linastahili zaidi ya "bahati tu" na "presha" walizokujibu hapo juu. Umesema umekutana na kipande cha video: Mjapani mwenye miwani anajivuruga nywele, pembeni kipimo cha programu kilichokuwa kinampa asilimia 99 kimegeuka upande wa pili. Unauliza kama mechi za ubingwa wa shogi (chesi ya Kijapani) zina mkakati wowote, au ni kusubiri tu nani atateleza wa mwisho.

Huyo ni Nagase Takuya. Tarehe 11 Oktoba 2023, Kyoto, mchezo wa nne wa kugombea taji la Oza, moja kati ya mataji makuu manane ya shogi. Aliyekaa mbele yake ni Fujii Sota, wakati huo ana miaka 21 na mataji 7 kati ya 8. Miaka hiyo nilikuwa nasoma Nagoya, na Fujii ni mtoto wa Seto, hapo jirani kabisa. Kwenye klabu nilikokuwa nacheza jioni, wengi wao wazee waliostaafu, wiki ile hakukuwa na habari nyingine.

Kwa wasioujua mchezo, niwapitishe haraka. Ubao ni 9 kwa 9, kila mtu ana kete 20, lengo ni kumfunga mfalme wa mwenzako. Kinachoutenga na chesi ni kwamba kete ukiila inakuwa yako: unaiweka pembeni, na zamu yako ikifika unaweza kuishusha karibu popote palipo wazi. Mcheza bao ataelewa upesi, kwa sababu naye kete alizokula hazitoki mchezoni, anazipanda upande wake. Ndiyo maana shogi haipoi kadiri inavyoendelea. Chesi ikifika mwishoni ubao umebaki mtupu, lakini kwenye shogi mwishoni ndipo kila mtu ana silaha mkononi na wafalme wote wawili wako uchi. Sare ni nadra sana. Hilo liweke kichwani, maana nusu ya jibu lako liko hapo.

Sasa mkakati. Oza huchezwa michezo mitano, anayetangulia kushinda mitatu ndiye bingwa. Kila mchezo unamalizika siku hiyohiyo, kila mtu ana saa 5, zikiisha anabaki na dakika moja kwa kila hatua. Nani aanze kwenye mchezo wa kwanza huamuliwa kwa kurusha kete tano ndogo, halafu wanapokezana. Anayeanza ana faida kidogo, na kwa wachezaji wa kiwango hiki kidogo hicho si haba, kwa sababu mwanzo wote wameusoma nyumbani na programu. Aina ya mwanzo inayoitwa kakugawari, ambapo wanabadilishana mapema kete ya kaku (ile inayokwenda mshazari), imechimbwa mpaka unaweza kuona hatua 50 au 60 zinachezwa na hakuna aliyeanza kufikiri kwa kweli. Wanakumbuka tu.

Na hapo ndipo Nagase alipokuwa mtu hatari. Jamaa anajulikana kwa kazi. Hana aibu ya kurudia hatua mpaka mchezo ufutwe na uanzwe upya kwa kubadilishana upande. Wengine wanaona ni kuchosha watu, yeye anaona ni njia halali ya kupata nafasi ya kuanza. Halafu yeye na Fujii wamefanya mazoezi pamoja kwa miaka, wawili tu, ubao mmoja. Kwa hiyo anamjua mwenzake kuliko karibu mchezaji yeyote mwingine. Alikuwa Oza kwa miaka minne mfululizo, na wa tano ungempa haki ya taji hilo kwa heshima ya kudumu. Upande wa pili, Fujii alikuwa anatafuta jambo ambalo halijawahi kutokea: kushika mataji yote manane kwa mara moja. Habu Yoshiharu, bingwa wa kizazi kilichotangulia, aliwahi kushika yote mwaka 1996, lakini enzi zake yalikuwa saba.

Mchezo wa kwanza Nagase alishinda akiwa wa pili kuanza, hatua 150. Wa pili Fujii akalipiza, naye akiwa wa pili kuanza, hatua 214, mchezo mrefu wa kuchosha hata mtazamaji. Ukiangalia utaona kila mmoja alivunja nafasi ya mwenzake ya kuanza. Hiyo peke yake inakuonyesha maandalizi ya nyumbani yalikuwa yanatosha kusawazisha mambo, hayakuwa yanatosha kumaliza kazi.

Mchezo wa tatu ulichezwa Nagoya, na kwa maoni yangu ndio uliopindua mechi nzima, hata kama video yake haichezwi sana kama ya Kyoto. Nagase alikuwa mbele, tena vizuri. Fujii akashusha hisha, ile kete kubwa inayokwenda mistari iliyonyooka, kwenye mraba wa 21 (tarakimu ya kwanza ni safu, ya pili ni mstari), kumpiga mfalme, yaani kumtishia kiasi kwamba lazima ajibu. Jibu lililokuwa sahihi lilikuwa la kimaskini: shusha kete ndogo kabisa pale 31, ziba mlango, maisha yaendelee. Nagase akaziba kwa hisha yake mwenyewe pale 41. Kwa macho inaonekana imara zaidi, kete kubwa inalinda. Lakini hisha iliyokwenda kulinda haishambulii tena, na upepo ukageuka hapohapo. Hatua 81, kwisha. Badala ya kuongoza 2 kwa 1, sasa yuko nyuma 1 kwa 2, na kosa lolote tena anavuliwa taji.

Sasa Kyoto. Nagase ndiye anaanza, na kaku zinabadilishwa mapema. Mchezo umeanza saa 3 asubuhi. Jioni inaingia, hali ya ubao inayumba, kisha inaanza kumwelemea Fujii. Mpaka tunafika dakika za lala salama, kipimo cha programu kwenye televisheni kinasema Nagase ana asilimia 99. Klabuni kwetu mzee mmoja alishasimama kwenda kuvaa viatu.

Hatua ya 122 Fujii anacheza fedha (jina la kete inayokwenda mraba mmoja mmoja) katikati kabisa ya ubao, mraba wa 55. Hampigi mfalme. Anaongeza tishio tu, kana kwamba anasema: mimi nikipewa zamu nyingine nakumaliza, kwa hiyo wewe nimalize sasa hivi kama unaweza. Na Nagase kweli anaweza. Akishusha dhahabu (kete nyingine) kwenye 42, mfalme wa Fujii hana pa kwenda. Tatizo ni kwamba kuna njia ya pili iliyo jirani yake: kaku aliyepandishwa cheo (aliyefika upande wa adui akaongezewa nguvu) kwenda 53. Zote mbili zinampiga mfalme. Zote zinaonekana zinaua. Moja inaua, nyingine inamwachia mfalme upenyo wa kutoka.

Na saa? Dakika moja. Mtunza muda anakaa pembeni ya ubao na kusoma kwa sauti: sekunde thelathini, arobaini, hamsini, halafu moja, mbili, tatu... ikifika kumi umepoteza, hata kama una asilimia 99. Nagase akacheza 53. Fujii akasogeza mfalme, na Nagase akaona alichokifanya kabla hata watangazaji hawajamaliza kueleza. Hapo ndipo ile video yako ya nywele. Akaendelea hatua chache, na kama saa 3 usiku kasoro dakika moja hivi akainamisha kichwa. Hatua 138. Mataji manane.

Sasa nirudi kwenye hoja yako: bahati au mkakati? Wiki iliyofuata tuliipanga ile hali mezani klabuni, saa ikiwa imewekwa dakika moja, tukapokezana kukaa upande wa Nagase. Wote tulikuwa tumeshasoma magazetini kwamba jibu ni dhahabu 42. Wote tuliicheza. Na bado wengi tulipotea hatua mbili tatu mbele, kwa sababu baada ya dhahabu unatakiwa kuendelea kupiga kwa mpangilio uleule bila kupumua, ukitoa kete zako kafara, na kila moja ina dakika yake. Mmoja wetu aliyemfunga mfalme vizuri ni kijana wa sekondari aliyekuwa anashinda na vitabu vya mafumbo ya kufunga mfalme. Wazee walikasirika kidogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Fujii aliokota dodo chini ya mwarobaini. Kipimo cha programu kinakuambia hali ilivyo kama pande zote zitacheza kikamilifu. Hakikuambii mzigo uliomo ndani ya hiyo asilimia. Asilimia 99 ya "hatua yoyote ya maana inashinda" na asilimia 99 ya "hatua moja tu inashinda na imejificha nyuma ya nyingine inayofanana nayo" zinaonekana sawa kwenye skrini. Mchezaji mkubwa akiwa nyuma, kazi yake ni kukutoa kwenye asilimia ya kwanza akupeleke kwenye ya pili, na akufikishe hapo wakati saa yako imekwisha. Fedha 55 ilikuwa hatua ya namna hiyo. Haikumwokoa Fujii, kwa hesabu kali bado alikuwa amekufa. Ilimlazimisha Nagase kutoa jibu kamili papo hapo.

Na kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye ubao. Fujii alianza kushinda mashindano ya Japani ya kutegua mafumbo ya kufunga mfalme mwaka 2015, akiwa bado shule ya msingi, mbele ya wachezaji wa kulipwa watu wazima, na akayachukua miaka mitano mfululizo. Ukikaa naye mwishoni mwa mchezo unajua kwamba ukimpa upenyo hautapotea bila kuonekana. Huwezi kucheza hatua ya "nadhani inatosha". Inabidi uhesabu kila kitu mpaka mwisho, na kuhesabu kila kitu ndiko kunakokula sekunde. Hata njiani kuja kwenye mechi hii, kwenye mchujo wa kumpata mpinzani wa bingwa, Murata Akihiro alimbana sana na Fujii akatoka kwa hatua ya fedha kwenye 64 ambayo watu waliizungumzia kwa miezi. Mtu akikutoroka hivyo mara moja utasema bahati. Akitoroka mwaka mzima, tafuta neno lingine.

Lakini msimtukane Nagase. Kwenye mchezo wa tatu na wa nne alimpeleka Fujii ukingoni, mbele ya mtu ambaye mwaka huo karibu hakuna aliyeweza kumgusa. Kimaandalizi, kwa macho yangu, yeye ndiye aliyekuwa bora. Alichokikosa ni akiba ya muda mwishoni.

Hapo pia mashindano yanatofautiana, na watu wengi wanayachanganya. Meijin, taji lingine kati ya yale manane, ina saa 9 kwa kila mchezaji na inachezwa siku mbili, Ryuo saa 8, siku mbili vilevile. Siku ya kwanza ikiisha, mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa kwenye bahasha, inafunguliwa asubuhi. Huko kuna mchezo mwingine wa akili: nani ashike zamu wakati wa bahasha, maana anayefunga analala akijua atacheza nini na mwenzake analala akikisia. Kwenye Oza hakuna usiku wa kulalia. Ukifika jioni bila muda, umefika.

Kama unadhani mbinu hii ni ya Fujii peke yake, angalia mwaka uliofuata. Juni 2024 Ito Takumi, wamezaliwa mwaka mmoja, alimvua taji la Eio kwa 3 kwa 2, na mchezo wa tano ulikwenda hatua 156. Eio ina saa 4 tu kwa kila mtu. Ito hakumzidi mwanzoni kwa kishindo, alimng'ang'ania mpaka Fujii naye akawa ndiye anayehesabu kwa sekunde. Mataji manane yalidumu siku 254.

Ukitaka kuziangalia mwenyewe, anza na mchezo wa tatu wa Nagoya kabla ya ule wa Kyoto, ni mfupi na kosa lake linaeleweka hata kwa anayejifunza. Funika kipimo cha programu kwa karatasi. Ukifika kwenye ile hisha ya 21 simamisha, jipe dakika moja, uchague mwenyewe kati ya kete ndogo na hisha. Ukikwama kwenye majina ya kete niandikie hapahapa, nitakuwekea mchoro wa ubao.