Mhuri wa SIRI usipigwe ovyo: ushauri kwa watumishi wa masjala Mtwara na Lindi

Kabla hujaomba kufuli jipya la kabati, hesabu kwanza majalada yaliyomo. Kabati la masjala ya siri, yaani chumba cha kutunzia majalada ya siri, likijaa barua za likizo, mialiko ya vikao na malalamiko ya posho, watu hulizoea. Huachwa wazi saa ya chai, funguo huning'inia mlangoni, na siku nyaraka nyeti kweli ikiingia, hukuta mazoea yameshakaa. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye mhuri.

Anayetaka kuupiga aandike sentensi moja: hii ikitoka, ataumia nani, na vipi? Jibu likiwa "mkubwa ataaibika", hilo ni pazia tu. Marekani, agizo la rais namba 13526 la mwaka 2009 linakataza kuifanya taarifa siri ili kuficha uvunjaji wa sheria, uzembe au aibu ya ofisi. Linataka pia kila aya iwe na alama yake, na hapo tungeiga bila kuona haya. Chukua bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam. Njia yake si siri, wenye mashamba jirani wanaiona kila siku. Zamu za walinzi na saa za kupokezana ndizo siri. Ukivichanganya katika barua moja, fundi aliyeomba ramani ataondoka na zamu pia. Ramani ikae kwenye barua, zamu kwenye kiambatisho chenye mhuri wake.

Andika na siku siri inapokwisha. Njia atakayopita kiongozi anayekuja Lindi ni siri hadi msafara uondoke. Mwezi mmodi baadaye ni karatasi inayokula nafasi kabatini.

Kuhusu alama, usione uvivu: juu na chini ya kila ukurasa, "ukurasa 3 kati ya 7", "nakala namba 2 kati ya 4". Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayempa taarifa ya siri asiyeruhusiwa, na kusema "sikujua kama ni siri" hakumwokoi mtu. Karatasi iliyochomoka jaladani bila alama inamtia matatani hata mhudumu aliyeiokota kwa nia njema. Folio ya siri, yaani karatasi yenye namba yake jaladani, ikihamishwa kutoka jalada la wazi, acha karatasi ya rejea yenye namba tu. Ukiandika na kichwa cha habari, umeshaitoa nusu.

Kusafirisha kunataka bahasha mbili. Ya ndani ina mhuri na jina la mpokeaji, imepigwa lakiri (nta ya kuzibia bahasha), na stakabadhi ya kusaini imo ndani. Ya nje ina anwani peke yake, maana neno SIRI likionekana juu ni kumwita mdadisi. Apewe mtumishi aliyesaini kitabu, hata kama ni Masasi au Newala tu. Kondakta wa basi, awe ndugu yako au la, hasaini chochote. Stakabadhi isiporudi ndani ya siku 7, piga simu uulize bahasha, bila kutaja kilichomo.

Mahali panapovuja zaidi ni kwenye kuchapa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mtu hufunga ofisi akaenda zake. Umeme ukirudi saa moja usiku na kompyuta ikawashwa na mwingine, printa huendelea pale ilipoishia, kurasa zinashuka trei bila mwenyewe. Futa foleni ya kuchapa kabla hujaondoka. Steshenari ya mtaani usiiguse kabisa: ukichomeka flashi pale, faili mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya duka, na mteja anayefuata anafungua tu. WhatsApp ni hivyo hivyo. Ukikosea kundi, usiandike "naombeni mfute", maana hata aliyekuwa hajafungua atafungua. Futa kwa wote, kisha mwambie mkuu wako saa hiyo hiyo.

Kabati lenyewe liinuliwe juu ya matofali, mbali na dirisha. Hewa ya bahari yetu hula kufuli. Likianza kukwama, kuna atakayeliacha wazi "kwa leo tu". Tia mafuta mepesi kila mwezi.

Mwananchi akiomba taarifa, mhuri peke yake si jibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka ajibiwe ndani ya siku 30, na sababu za kumnyima zielezwe. Ile sentensi moja ya mwanzoni itakufaa hapo.

Kuharibu nako kuna utaratibu. Kumbukumbu za serikali haziteketezwi kwa amri ya ofisi pekee. Kibali kinatoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, chini ya sheria ya 2002. Ukishapata, usitupe bunda zima motoni. Huungua kingo, katikati ikabaki inasomeka. Zitawanye karatasi, choma kidogo kidogo, koroga majivu, na mashahidi wawili wasaini. Nakala zilizoharibika wakati wa kuchapa ziingie humo humo, zisiende kwenye kapu la kawaida. Karatasi za kapu hilo hufika sokoni, zikakunjwa kuwa vikoni vya karanga, maandishi yakiwa upande wa nje.